Mjadala: Majambazi wa Madrid waongee wenyewe, au DJ awaongelee?

Jirani wa Dunga (Kisumu)
Wakuu, tuamue hili kwa hoja. Kumbi za video za Kondele na Nyalenda zinataka kuonyesha La Casa de Papel, tamthilia ya Uhispania ambayo wengi mnaijua kwa jina la Money Heist: majambazi wa ovaroli nyekundu na barakoa zenye sura ya Salvador Dalí wanavamia kiwanda cha kuchapa pesa Madrid na kushika mateka 67. Njia ni tatu. Sauti za Kiingereza zilizobandikwa. Au Kihispania chenyewe na maandishi ya Kiswahili chini. Au DJ arekodi maelezo yake juu ya picha kwa mtindo wa DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia filamu kwa Kiswahili.

Mimi nasimama na maandishi. Filamu ya kungfu hata ukizima sauti ngumi unaiona. Hapa vita ni vya simu: Profesa, kiongozi wa majambazi, kajificha nje, Inspekta Raquel Murillo yuko kwenye hema la polisi, na kila mmoja anapima pumzi ya mwenzake. Halafu Tokyo, mmoja wa majambazi hao wanaojiita kwa majina ya miji, tayari ndiye msimulizi wa hadithi. Ukimleta DJ, wasimulizi wanakuwa wawili na mmoja anamziba mwenzake mdomo.

Sauti ya Kondele
Maandishi ni ya watu wa sebuleni. Kibarua wa soko la Jubilee amebeba magunia tangu alfajiri, jioni analipa kiingilio apumzishe akili, nawe unamwekea mtihani wa ufahamu. DJ anamtambulisha kila mtu, anarudia majina, anamkumbusha aliyechelewa kuingia kisa kilifika wapi. Na sakafu zetu ni tambarare. Aliyekaa benchi la nne anaona visogo vya watu, ule mstari wa chini haumfikii kamwe.

Fundi Projekta (Nakuru)
Visogo vina dawa. Faili ya manukuu ya aina ya ASS inakuruhusu kuyaweka maandishi juu kabisa ya picha. Ukiwa na SRT tu, ile faili ya manukuu ya kawaida, ingia kwenye mipangilio ya VLC, programu ya kuchezea video, upande wa manukuu, pana sehemu ya kulazimisha mahali yanapokaa, yainue. Rangi iwe nyeupe yenye ukingo mweusi, maana nyeupe tupu inapotelea kwenye zile shehena za karatasi za noti. Herufi zikiwa sehemu moja ya ishirini ya kimo cha picha, runinga ya inchi 43 inazitoa kwa sentimita 2.7 hivi. Nyuma ya mita 6 watu wanaanza kukunja uso, kwa hiyo ukumbi mrefu utafute projekta.

Kinachoua maandishi ni faili isiyolingana na picha, na tamthilia hii ni mtego hasa. Ilipoonyeshwa kwanza Antena 3 ya Uhispania, kuanzia Mei 2017, ule uvamizi wa kiwanda ulikuwa vipindi 15 vya dakika kama 70. Netflix waliponunua waliukata upya ukawa vipindi 22 vifupi. Ukichukua maandishi ya toleo la 15 ukayabandika kwenye toleo la 22, yataenda sawa kidogo, kisha Berlin atakuwa anatisha watu huku chini pameandikwa maneno ya Raquel akiongea na mama yake.

Kosa la pili ni kasi ya fremu. Picha inakwenda fremu 25 kwa sekunde, faili ilipimwa kwa 23.976. Dakika ya kwanza huoni kitu. Ikifika dakika ya 50, maandishi yamechelewa dakika 2 nzima. Hapo waendeshaji hubonyeza G na H kwenye VLC hadi vidole viume, na haisaidii. Vitufe hivyo vinasogeza maandishi yote kwa kiasi kilekile, milisekunde 50 kwa kila mbonyezo, ilhali kosa lenyewe linakua kadiri picha inavyosonga. Ifungue faili kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu, badilisha kasi ya fremu, hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 ili jina la Ángel, polisi mwenzake Raquel, lisigeuke vijialama, na kama unachezea kwenye runinga kwa flashi, faili ya maandishi iwe na jina lilelile la faili ya picha.

Mama Bahati (Kakamega)
Fundi, vipindi 22 tena? Mbona jumla yake huwa inatajwa 41? Na Antena 3 inaingiaje, Netflix si ndio walioitengeneza?

Fundi Projekta (Nakuru)
Mama, 41 ni sahihi na 48 pia ni sahihi. Sehemu za tatu, nne na tano, kuanzia 2019 hadi 2021, zina vipindi 26. Jumlisha na 15 vya Antena 3 upate 41. Jumlisha na 22 vya mkato wa Netflix upate 48. Ile ya kiwanda walinunua. Ile ya uvamizi wa pili, wa Benki Kuu ya Uhispania, ndiyo waliyogharimia wenyewe.

Mama Bahati (Kakamega)
Asante mwanangu. Basi niseme langu. Mmetaja macho yaliyochoka, hakuna aliyetaja masikio yasiyosikia. Sauti ya Kiingereza na sauti ya DJ, kwa kiziwi ni kimya kilekile. Kuna sheria ya watu wenye ulemavu, ya miaka ya 2000 hivi, iliyotaka vituo vya runinga viweke lugha ya ishara au maandishi. Kwenye habari iwe haki, kwenye ukumbi wa burudani iwe hisani?

Mvita Damu (Mombasa)
Nawasoma tu. Maandishi naunga mkono, ila mfasiri asitoke huko kwenu ziwani wala milimani. Kiswahili cha bara kitaiharibu kazi ya watu. Tutakuja kusoma "mateka limekataa kutoka". Chukueni mtu wa Pwani.

Sauti ya Kondele
Kaka wa Mvita, hapo umevuka mpaka. Lini mtu wa Kondele alikuomba ruhusa ya kuongea? Kumbi zetu zimejaa watu wanaocheka na kulia kwa Kiswahili hicho hicho unachokidharau. Nilikuwa napinga maandishi. Sasa nayataka, na yaandikwe Kisumu.

Mwalimu wa Webuye
Ndugu yangu Mvita, mtihani wa Kiswahili wa KCSE, ule wa kidato cha nne, anaoufanya mtoto wa Webuye ndio anaoufanya wa Kisauni. Hakuna mwanafunzi wangu anayeandika "mateka limekataa". Mateka ni mtu: mateka amekataa, mateka wamekataa. Neno lenyewe halibadiliki, umoja na wingi unaonekana kwenye kitenzi. Mfasiri mzembe akiandika "mateka wameachiliwa" pale alipoachiliwa mmoja, mtazamaji anapoteza hesabu ya watu walio ndani, na hesabu hiyo polisi wanaipigania kila siku.

Tena Kiswahili kina faida kubwa kwenye kazi hii. Mstari kama "Todavía no nos han visto" una herufi 24 pamoja na nafasi. Kiingereza chake, "They haven't seen us yet", nacho ni 24. Kiswahili ni "hawajatuona", herufi 11, neno moja. Viwango vya Netflix ni herufi 42 kwa mstari, mistari isizidi miwili, na maandishi yasikae zaidi ya sekunde 7. Wahispania wanaongea mbio. Lugha inayobana sentensi nzima ndani ya kitenzi inampa msomaji wa taratibu nafasi ya kuangalia na nyuso.

Mvita Damu (Mombasa)
Mwalimu, umechagua mstari unaokufaa. Nami nichague wangu. "Bóveda" ni herufi 6. Wewe utaandika "chumba cha kuhifadhia dhahabu", herufi 29, na neno hilo linarudi kila dakika mbili. Na "la ha matado"? Mhispania kwa ile "la" anajua aliyeuawa ni mwanamke. "Amemuua" ya kwako haisemi nani wa kike nani wa kiume. Mtu kavaa barakoa, jina halijatajwa, na hadithi nzima inategemea nani kafa. Hapo kitenzi chako kimoja kimeficha siri ambayo mwandishi alikwisha kuitoa.

Mwalimu wa Webuye
La "amemuua" nakupa, ni hoja nzito. Hapo utaandika "amemuua yule dada" na kulipa herufi 10 za ziada, kwa sababu zinahitajika. La bóveda sikupi. Mara ya kwanza andika "chumba cha hazina", baada ya hapo "hazina" inatosha. Hesabu: herufi 6, sawa na Kihispania.

Jambo linalonisumbua zaidi ni heshima. Kihispania kina "tú" kwa mwenzako na "usted" kwa unayemheshimu, na Kiingereza kimezifuta zote kikabaki na neno moja. Ndiyo maana sauti za Kiingereza zinapoteza ladha ya mazungumzo ya simu: husikii mtu akisogea karibu na mwenzake hatua kwa hatua.

Mvita Damu (Mombasa)
Hapo tuko pamoja. Polisi wa chini wamwite Raquel "Afande", kila Mkenya atajua cheo bila kuelezwa. Profesa aanze na "Inspekta", abaki nalo muda mrefu, na siku atakaposema "Raquel" tupu mtu ashtuke. Lakini bado nasema sikio la Pwani linahitajika.

Sauti ya Kondele
Bado anasema! Hivi nyinyi mnaona ni jambo la kawaida mtu kutuambia hatuna lugha?

Jirani wa Dunga (Kisumu)
Sauti, mwache jaduong', mzee wetu wa Pwani, turudi kwa DJ maana hujanijibu. Nakupa picha moja. Mateka wamevalishwa ovaroli zilezile na barakoa zilezile za majambazi, ili polisi wa kulenga shabaha asijue ampige nani. Kwenye picha hizo midomo haionekani. Kitu pekee kinachomtofautisha Denver na Moscow ni sauti, tena ile sauti yake mwenyewe. DJ akishusha sauti ya chini ili yake isikike, ametufanya sote kuwa yule polisi, hatujui nani ni nani.

Na cheko la Denver je? Studio inapotia sauti mpya hupewa mkondo wenye muziki na vishindo pekee, bila maneno. Kicheko kinatoka mdomoni, kwa hiyo mara nyingi hakimo. Mtu mwingine anaingia kibandani kucheka upya kwa niaba yake. Wale wa Kiingereza walijitahidi, lakini cheko lile la mtu aliyekulia shida, linalokwama kooni halafu linafyatuka, si la kuigizwa na mtu anayesoma karatasi.

Sauti ya Kondele
La barakoa nimelisikia. Lakini usimtupe DJ. Mpe dakika 3 kabla ya kipindi, taa zikiwa zinawaka: huyu ni Profesa, huyu ni Berlin, kiongozi wa waliomo ndani, huyu ni Nairobi anayesimamia uchapaji wa noti za yuro 50, Helsinki na Oslo ni Waserbia. Kanuni ni tatu: hakuna majina halisi, hakuna maswali ya maisha ya mtu, hakuna mapenzi kazini. Kisha anyamaze. Na wale Waserbia wakiongea lugha yao wao kwa wao, maandishi yatuambie kwamba lugha imebadilika.

Na Nairobi watu watashangilia kila akitokea, hata bila DJ.

Mvita Damu (Mombasa)
Washangilie mapema, sehemu ya nne inakuja.

Sauti ya Kondele
Sasa huyu ametoboa kisa! Kuna watu hapa hawajafika hata sehemu ya pili!

Mvita Damu (Mombasa)
Ilitoka Aprili 2020. Lakini sawa, nimekosa. Samahani kwa ambao hawajafika.

Mama Bahati (Kakamega)
Mmebishana Pwani na bara, mmebishana DJ, mmeombana na radhi. Viziwi bado hakuna aliyewajibu.

Fundi Projekta (Nakuru)
Mama, umesema kweli, tuwie radhi. Ile sheria ilikuwa ya 2003, kifungu cha 39. Ilitaja taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Tamthilia hazikuwamo, na kumbi za mitaani hazikuwamo. Kwa hiyo tusiwadanganye watu kwamba sheria hiyo iliwalinda.

Ila kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira. Maandishi ya kawaida yanafasiri maneno tu. Ya kiziwi yanahitaji vitu viwili zaidi. Kwanza, sauti zisizo maneno zenye maana kwenye kisa ziandikwe kwenye mabano: [simu inalia], [risasi kwa mbali], [mashine ya kuchapa imesimama]. Hiyo ya mwisho usiisahau, maana mashine ikisimama kila mtu ndani anageuza kichwa, na kiziwi hajui wamegeukia nini. Pili, penye barakoa andika jina la anayeongea mwanzo wa mstari, "DENVER:" kisha maneno yake. Sauti ya Tokyo anaposimulia iandikwe kwa herufi za mlalo, ili ijulikane kwamba yeye hayumo chumbani. Watu wawili wakijibizana kwa haraka, kila mmoja na mstari wake, na kistari mbele.

Jina la anayeongea linakula herufi 8 hivi kwenye zile 42. Mwalimu, hapo ndipo tutakapoihitaji "hawajatuona" yako.

Mwalimu wa Webuye
Nitaanza na kipindi cha kwanza, mkato wa 22. Mvita, nikimaliza nitakutumia usome kabla hakijaonyeshwa. Na jambo moja tulimalize sasa: barakoa au kinyago?

Mvita Damu (Mombasa)
Barakoa. Kinyago ni cha kuchonga.

Sauti ya Kondele
Barakoa kwa watu wetu ni ile ya korona, ya kuziba pua na mdomo. Uso mzima wa plastiki wenye masharubu ni kinyago. Hapa Kisumu hilo halina ubishi.

Mvita Damu (Mombasa)
Mwalimu, nitumie hicho kipindi, lakini kwa kinyago sitakubali.