Naombeni ushauri: Brutus na Makbeth ni kundi moja kweli?

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, Majengo, nasimamia vijana wa kidato cha tano tunakutana Jumamosi kusoma vitabu. Wiki ijayo tuna mdahalo wa mashujaa wenye kasoro, nimempanga Brutus (wa kwenye Juliasi Kaizari ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ile ya 1969) apambane na Makbeth, naye wa tamthilia ya Shakespeare. Sasa jana dogo mmoja kanibana, eti "ticha si wote wameua bosi wao, tofauti iko wapi?" Nikabaki naangalia mlima na wenyewe umejifunika mawingu. Niwaeleze vipi waelewe? Au nimtoe mmoja nimweke Okonkwo wa riwaya ya Achebe?

kibo_baridi: Dogo hajakosea ila kaishia mlangoni. Makbeth anajua kabisa Duncan ni mfalme mwema, tena ndugu yake, tena usiku huo ni mgeni wake, anajihesabia sababu zote za kutomuua halafu anaenda kuua. Brutus yeye anamuua Kaizari akiamini anaiokoa Roma. Shida yake anajiona msafi mno hadi hashauriki, mwenzake Cassius kamwambia usimruhusu Antony, rafiki wa Kaizari, aongee msibani, jamaa karuhusu na yeye mwenyewe kaondoka kamwachia maiki (haya najua hakukuwa na maiki). Hotuba moja tu mji ukachafuka.

njia_panda_himo: Mnafundisha watoto habari za wauaji alafu mnashangaa wanavyokuwa 😂

sakina_juu: Mi niko Arusha, ningemtoa Brutus. Vijana wetu Okonkwo watamwelewa chap, hasa waliokulia nyumba ambayo baba akiingia getini watoto mnazima redio. Yule anaogopa kuonekana kama baba yake Unoka, mzee wa madeni na filimbi, basi kila kitu anafanya kwa nguvu. Mzee Ezeudu kamwambia huyo mtoto Ikemefuna anakuita baba, usiweke mkono wako kwenye kifo chake, na bado akashika panga kisa wenzake wasimwone legelege. Hapo hamna tamaa ya cheo wala siasa, ni woga mtupu. Mshua wangu alikuwa hivyo hivyo, tuachie hapo.

mtu_wa_tanga: Na Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, mnamwacha? Kamtajia mwanae siri kwamba kinachomuua ni sindano ya shaba kitovuni, kumbe dogo kaahidiwa binti wa mfalme. Kachomwa amelala, bado akaenda kupiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji kumbe kashakufa zamani. Sasa kumwamini mtoto wako nayo ni kasoro?

kibo_baridi: @mtu_wa_tanga huyo kaa naye na Edipode, yule mfalme wa tamthilia ya Kigiriki, kaua baba yake njiani bila kumjua. Hao wa kutojua ni mdahalo mwingine, ukiwachanganya na Makbeth vijana watapotea.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimeelewa, nilikuwa nauliza nani kaua wakati swali ni alikuwa anajua nini na anaogopa nini. Basi Makbeth na Okonkwo, Brutus atasubiri. @sakina_juu pole ndugu yangu. Ila kitabu chake kwa Kiswahili, Shujaa Okonkwo, tunayo kopi moja na kurasa za mwisho zimenyofoka, vijana hawajui hata kama alijinyonga. Nani anayo?

sakina_juu: Ninayo. Ijumaa asubuhi naiweka kwenye kosta, njoo uipokee stendi, na uirudishe maana ilikuwa ya mshua.