Kompyuta haiwaki asubuhi mpaka ipulizwe na draya ya saluni

Stesheni_Moro

Wakuu, habari za leo. Nina kastesheni kangu (kaduka ka vifaa vya kuandikia na stika) hapa Morogoro, karibu na Msamvu. Kompyuta inayoendesha mashine ya kukata stika ni Pentium 4 ya Windows XP. Siwezi kuiacha, kwa sababu ile mashine inachomekwa kwenye tundu la zamani la pini tisa. Nilishajaribu laptop na waya wa kugeuza kwenda USB: ikakata "MUNGU NI MW" halafu ikasimama. Mwenye bajaji haelewi somo hilo.

Tangu mvua za mwezi wa nne, asubuhi nikibonyeza swichi feni inazunguka sekunde mbili inazima, inajiwasha tena, inazima. Nikihangaika nayo nusu saa inakubali, na ikishakubali inapiga kazi hadi jioni bila neno. Juzi dogo wa dukani aliazima draya ya saluni ya jirani akapuliza ndani, akidhani ni unyevu. Ikawaka palepale. Sasa kila asubuhi tunaazima draya.

Leo nimeifungua. Pembeni ya CPU (ile chipu kuu ya ndani) kuna vikopo vinane vimeandikwa 1500 µF 6.3V. Vitano vimetuna juu kama maandazi, na kimoja kati yao kina uchafu wa kahawia kichwani. Nilidhani ni kinyesi cha mjusi. Fundi mmoja hapa mjini amesema mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imeshakufa. Ni kweli? Natanguliza shukrani.

Mdau_wa_Kkoo

Tupa hiyo mkuu. Mashine za mtumba zimejaa Kariakoo, na zile za maofisini nyingine bado zina tundu la pini tisa. Unaumiza kichwa bure.

Stesheni_Moro

Tundu nitapata, programu je? Ni ya XP, CD yake ilishapotea na aliyeniuzia alishahama.

Fundi_Redio_Tanga

Mjusi hana hatia. Hivyo vikopo ni kapasita, vinatunza umeme na kuutuliza. Hiyo kahawia ni kimiminika cha ndani yake, kimevuja kikakauka. Na dogo mnunulie soda, maana amepima kitu ambacho huyo fundi hakukipima.

Ndani ya kikopo kuna utepe wa alumini umeviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa. Kile kimiminika kikichakaa, ukinzani wa ndani (kile kinachozuia umeme kupita) unapanda, na ubaridi unauzidisha. Umeme unafika kwa CPU ukiwa unayumba, bodi inajizima. Ukipasha joto ukinzani unashuka, mashine inaamka. Ndiyo maana inakusumbua asubuhi na mchana imetulia. Na usidanganywe na mita ya bei rahisi: inaweza kukusomea 1400 ukaiona kapasita nzima, kumbe ukinzani umeshapanda vibaya.

Mashine za rika hilo ziliugua dunia nzima. Kuanzia kama 1999 hadi 2007 kapasita nyingi, hasa za kutoka Taiwan, zilitiwa kimiminika chenye maji bila dawa ya kutosha ya kuyazuia yasiile alumini. Maji yakiila, inatoka gesi ya haidrojeni. Ile alama ya msalaba iliyochongwa kichwani mwa kikopo imewekwa makusudi, gesi ipate pa kutokea kabla hakijapasuka.

Kwa hiyo bodi yako haijafa. Badilisha zote nane, hata hizo tatu zenye vichwa bapa: zimezaliwa pamoja na zimekaa jirani na joto lilelile. Thamani iwe 1500 µF ileile. Volti zisipungue 6.3, 10 ni sawa. Zinunue za kuvumilia joto la nyuzi 105, za ukinzani mdogo. Usiniletee za redio za nyuzi 85, pale pembeni ya CPU hazitakaa. Na zipime unene kabla hujalipa.

Kabla ya kutoa chochote piga picha kwa simu. Mstari wa pembeni ya kapasita ndio hasi. Kwenye bodi, nusu ya duara iliyopakwa rangi huwa hasi, lakini kuna bodi zimegeuza, kwa hiyo amini picha yako kuliko rangi. Ukikosea itakupasukia usoni.

Kazi yenyewe ni kwenye kutoa. Bodi hii ina matabaka ya shaba ndani na yanameza joto, pasi ya kuchomelea ya wati 30 itakutoa jasho tu. Tumia ya 60. Anza kwa kuongeza risasi mpya kwenye miguu yote miwili, ndipo ya zamani iyeyuke vizuri. Pasha mguu mmoja huku unakilaza kikopo upande wa pili kidogo, hamia mwingine, kilaze kurudi. Usivute kwa nguvu hata siku moja. Tundu likiziba, liyeyushe upande mmoja na usukume kijiti cha meno upande wa pili. Usitoboe kwa drili: ukuta wa lile tundu ni shaba inayounganisha matabaka, ukiutoa ndipo bodi inakufa kweli.

Ikiisha kazi na bado inasumbua, jaribu pawa saplai (boksi la kuingizia umeme) nyingine. Ya kwako usiifungue. Kapasita kubwa za mle zinatunza volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Mwaka 2009 ilinirusha kutoka kwenye stuli, mke wangu akanikuta nimekaa sakafuni nimeshika bisibisi kama mshumaa.

Mdau_wa_Kkoo

Kwenye unene fundi umenena. Mimi niliweka za volti 25, zilikuwa nene kiasi kwamba feni ya CPU ilikataa kukaa. Lakini bado nasema anunue nyingine.

Stesheni_Moro

Nimerudi wakuu. Za volti 10 nimeagizia Dar, zimekuja na basi. Kazi nimeifanya Jumapili kutoka saa nne hadi saa kumi, sita nzima kwa vikopo vinane! Kimoja nilivuta (samahani fundi), kile kiduara cha shaba cha chini kikatoka. Nimefuata njia ya umeme kwa testa nikaunganisha na unyuzi wa waya.

Leo siku ya tatu inawaka asubuhi kwa mbonyezo mmoja, na jana kulinyesha usiku kucha. Kuna vikopo vitatu vifupi upande wa RAM, vya fedha tupu, havina ganda la plastiki. Navyo nitoe?

Fundi_Redio_Tanga

Hivyo ni vya polima, ndani vikavu. Viache. Huo unyuzi uubane na gundi usicheze, na uniwekee picha yake hapa niuone.

Stesheni_Moro

Nitaiweka jioni. Saa hizi niko saluni, draya imeungua na mama anasema ni sisi.