Safari za kitabibu za kanisa za wiki mbili: twende, au hela zitumwe tu? Karibuni tujadili

Wapendwa habari zenu. Naomba hili tulijadili kwa uwazi maana linaninyima usingizi na Jumapili natakiwa kutoa jibu. Mimi ni nesi, nimesomea nyumbani Tanzania nikafanya kazi zahanati ya kijijini miaka sita kabla sijaja huku Marekani. Kanisa ninalosali sasa linaandaa safari ya kitabibu kwenda Tanzania, watu 14, siku 12, kila mmoja achangishe dola 3,500. Wameniomba niende kama nesi na mkalimani. Kila mtu ananipongeza, mimi niko kimya, kwa sababu hizo kambi za matibabu nishaziona nikiwa upande wa pili wa meza.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni kabisa, wa kupinga apinge: kambi ambayo zahanati au hospitali ya pale haijaiomba, na haiachi kumbukumbu za mgonjwa mikononi mwa wahudumu wanaobaki, isije. Hata kama wote wameokoka na mioyo yao ni safi.

Nieleze nilichokiona. Walikuja wageni wakafunga turubai uwanja wa kanisa siku nne, foleni inaanza saa kumi alfajiri watu wamelala palepale kwenye mikeka. Mimi natafsiri. Mwenye presha anapimwa, anapewa vidonge vya siku 30 kwenye kile kimfuko cha plastiki cha kubana juu, kibandiko kimeandikwa Kiingereza, taarifa zake zinajazwa kwenye fomu yao, fomu inaingia kwenye boksi, boksi linaondoka nao. Sasa kule kwetu mgonjwa anakuja na daftari lake, lile lile la shule, ndo faili lake hilo, kila alichopimwa na kila alichopewa kinaandikwa humo. Kina bibi walikuja nayo madaftari, wameyafunga kwenye ncha ya kanga na hela yao, na hakuna mgeni aliyeyafungua hata moja. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nikaogopa kusema. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya kama wiki tano bibi mmoja akaja zahanati na kile kimfuko, kimebaki na nusu kidonge. Alikuwa anavikata nusunusu ili visiishe haraka. Ananiuliza, mwanangu, wale madaktari wanarudi lini? Kumpima presha, 210 kwa 120, iko juu sana. Kibandiko kimelowa jasho maandishi yamefutika, dawa ni ipi sijui, daftari lake halina kitu, na mwezi ule zahanati hatukuwa na dawa ya presha hata ya kuombea maji. Nikamwandikia rufaa ya hospitali ya wilaya, nauli hana. Jamani presha ni ugonjwa wa kumeza dawa maisha yako yote, mtu unampa za siku 30 halafu unapanda ndege, hapo umemtibu au umemwonjesha?

Sisemi kila safari ni mbaya. Mtoto wa jicho unamfanyia mtu upasuaji leo, kesho unamtoa bandeji anamwona mjukuu wake, kazi kubwa imeisha. Ngiri, mabusha, mdomo sungura, hizo nazo timu ya wageni inaweza, ila lazima pawe na hospitali ya kumshika mgonjwa wageni wakishaondoka, maana kidonda hakijui tarehe ya tiketi yako. Angalieni Mercy Ships, wale wa meli za hospitali, shirika la Kikristo lililoanza 1978, watu wanajitolea, lakini meli inaalikwa na serikali na inakaa bandarini miezi mingi. Huwezi kulinganisha na siku nne chini ya turubai.

Halafu kuna sheria, ambayo watu wa kanisani hawapendi kuisikia. Mgeni hata kwao awe profesa, Tanzania anatakiwa kupata usajili wa muda Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajamgusa mgonjwa, na dawa lazima zipite TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba. Shirika la Afya Duniani wana mwongozo kwamba dawa za msaada zikifika ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Kwenye ile kambi mimi mwenyewe nilifungua katoni ya dawa za minyoo za watoto zimebakiza miezi miwili.

Watu 14 mara 3,500 ni dola 49,000. Zaidi ya shilingi milioni mia moja. Niende, nikatae, au niwaambie hela zitumwe? Semeni.

Mchangiaji, Kenya

Dada pole na kazi. Mimi ni klinikal ofisa na nitakupinga kidogo. Hospitali ya Tenwek pale Bomet ilianza 1937 kama kijizahanati cha wamishenari, daktari wa kwanza wa kudumu akaja 1959, na leo ni hospitali ya kufundishia, vijana wetu wanatoka pale wakiwa madaktari wa upasuaji. Wageni wa wiki mbili wamechangia sana. Lakini sio wa turubai. Anakuja bingwa, anaingia thieta na daktari wetu anayesomea upasuaji, anamshika mkono, wiki mbili zikiisha yule kijana amejua kitu ambacho hakukijua. Kuna mpango unaitwa PAACS, ulianza 1996, unafundisha madaktari wa upasuaji Waafrika ndani ya hospitali za misheni, na walimu wengine ni hawahawa wageni wa muda mfupi. Kwa hiyo usiwafungie watu mlango wote.

Nijibu hapa

Kaka wala hujanipinga, umenisaidia. Huyo unayemsema kaingia nyumba ya mtu akakuta wenyeji, akafuata utaratibu wao, akaondoka akaacha kitu kichwani mwa kijana. Timu yetu ina madaktari wawili, manesi watatu, waliobaki ni walimu wa Sunday school, mfanyabiashara wa nyumba, na wanafunzi wa sekondari wanaotaka baadaye kusoma udaktari. Hao wanafunzi wameambiwa watapima presha na "kusaidia kung'oa meno". Kwetu huku Marekani mtoto wa miaka 17 asiye na mafunzo haruhusiwi kumchoma mgonjwa sindano, kwa nini kwa bibi yangu aruhusiwe?

Mchangiaji, Uganda

Hilo la mwisho ndo lenyewe. Huku kwetu Jinja kuna kesi iliyotuumiza wengi, Mmarekani aliyekuja kwa jina la Mungu akafungua kituo cha watoto wenye utapiamlo na hakuwa na mafunzo ya udaktari, kuna watoto walifia pale, na mwaka 2019 kina mama wawili wakafungua kesi. 2020 wakamalizana kwa makubaliano, kituo hakikukiri kosa. Najua huyo hakuwa wa wiki mbili, alikuja kuishi. Lakini mlango aliopitia ni uleule, kwamba kwa maskini nia njema inatosha, vyeti vitajijua.

Mchangiaji, Tanga

Mimi ni Muislamu, naomba niseme bila kumkwaza mtu. Na hospitali za misheni sina ugomvi wowote, mama yangu alitibiwa macho hospitali ya KCMC Moshi, alikaa wodini na hijabu yake, akaswali, hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini kuna kambi ilikuja mtaani kwetu, na kabla hujapewa namba ya kumwona daktari unapitishwa kwanza hema la maombi, unawekewa mikono kichwani. Baba yangu mtu mzima, jino limemtesa wiki mbili, akapita. Alirudi nyumbani hana lile jino na hakuongea na mtu mpaka usiku. Mtu mwenye maumivu hawezi kusema hapana. Nyie Wakristo mnalionaje hilo?

Nijibu

Kaka mimi nakuomba radhi, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Sina cha kutetea hapo. Yesu aliwaponya wakoma kumi, akarudi kushukuru mmoja tu na alikuwa Msamaria, na wale tisa ukoma hawakurudishiwa. Anayetaka maombi aombewe akishatibiwa, na hema liwe mbali na foleni, na mwenye kupita moja kwa moja asiangaliwe kwa jicho baya. Hata mashirika ya misaada yana kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu za tangu 1994 zinazosema msaada usitumike kusukuma dini wala siasa. Kama hospitali ya KCMC ambayo ni ya shirika lenye jina la Msamaria Mwema inaweza kumtibu mama yako bila masharti, sisi wa siku 12 ni nani?

Mchangiaji, mchungaji, Iringa

Binti yangu nakusoma vizuri na uchungu wako ni wa haki. Lakini nikwambie ukweli wa upande wetu tunaopokea. Hizo dola 49,000 ukisema zitumwe tu, hazitakuja. Mtu anachangia kwa sababu mtoto wa jirani yake anasafiri. Na wakija wakaona kwa macho yao, wengine wanashikamana na sisi miaka na miaka, tumechimbiwa visima, tumesomeshewa manesi, vyote vilianzia kwenye safari za wiki mbili. Na wengine hawarudi kabisa. Dr. Leader Stirling alikuja Tanganyika 1935 daktari kijana wa misheni, akafanya kazi kusini huko, akawa raia, na 1975 akawa Waziri wa Afya wa nchi yetu. Usiwakatishe tamaa.

Nijibu

Shikamoo Mchungaji. La hela nimelikubali kwa shingo upande kwa sababu ni kweli, nimeona hapa kanisani, tangazo la kutuma mchango linapata dola 600, tangazo la safari linajaza bahasha. Lakini Dr. Stirling alikaa, Mchungaji. Alijifunza lugha, akazeeka na watu.

Na huyo Msamaria Mwema tunayemhubiri kila siku, mimi nimemsoma tena juzi usiku. Hakumwacha yule majeruhi barabarani na bandeji. Alimpeleka nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akaacha dinari mbili, akasema kitakachozidi nikirudi nitalipa. Ana mtu wa kubaki na mgonjwa, ameacha hela kwa huyo mtu, na amesema anarudi. Kambi zetu zinaishia pale kwenye mafuta na divai.

Mchangiaji, Dodoma

Nimemaliza diploma ya utabibu, nasubiri ajira, na darasani kwetu siko peke yangu. Kambi ilipita wilayani kwetu, nikaomba nijitolee, wakanipa kazi ya kupanga foleni. Mwanafunzi wao wa sekondari alikuwa anapima presha. Sina la kuongeza.

Nijibu, halafu nikalale maana kesho nina zamu

Mdogo wangu wa Dodoma umeniumiza roho. Jina la wilaya yako usiweke hapa, nitumie pembeni.

Leo jioni nimempigia nesi aliyebaki kule zahanati yangu ya zamani, kule ndiko timu inakotaka kwenda. Hakuna aliyemuuliza chochote, amesikia habari za kambi kwa mwinjilisti. Nikamuuliza tukija tuje na nini. Akacheka kwanza, halafu akasema: mashine ya presha yenye mkanda mpana, ule mmoja waliokuwa nao umepasuka, dawa za presha za mwaka mzima kwa wagonjwa aliowaorodhesha, ni 63, na mtu wa kumfundisha kusoma kipimo cha moyo. Na tusije mwezi wa tatu, mvua, barabara haipitiki. Safari yetu imepangwa mwezi wa tatu.

Yule bibi nilimuuliza pia. Alipooza upande mwaka uliofuata, bado yupo, anakaa kwa binti yake.

Jumapili naenda na hiyo orodha ya watu 63 mkononi. Wakikubali iwe ndo safari yenyewe, na wanafunzi wabaki au waje kubeba mabenchi tu, na vijana wa diploma wa wilaya ile walipwe posho kwenye hizo 49,000 wakae mezani na sisi, nitakwenda na nitatafsiri mpaka sauti ikauke. Wakikataa siendi, na nitawaambia mbele ya kanisa kwa nini. Mwenye kuona nimekosea aniambie kabla ya Jumapili.