Supavaiza katua kikombe cha chai juu ya tasnifu yangu ya ukunga, halafu anauliza "kwani ukunga nao una masta?"

Mkunga wa Zamu

Wakuu, nimetoka ofisini kwake sasa hivi, vidole vinatetemeka hata kuandika. Moda msiniunganishie uzi huu na ule wa ada, haya ni mambo mengine kabisa.

Simtaji. Mliosoma Dodoma hii mnamjua: yule wa miwani ya kuning'inia kifuani, anayepokea simu kwa spika ili korido nzima ijue anaongea na wizara. Huyo huyo.

Nimeingia na sura ya nne. Sura ya NNE, wakuu, matokeo! Nimezunguka vijiji vya Bahi na Chamwino kwa bodaboda mpaka mapafu yangu yakipimwa leo patakutwa vumbi la kufyatulia tofali. Shikamoo yangu imeishia hewani. Nikamwekea karatasi mezani kwa mikono miwili, kama unavyomkabidhi mama kichanga chake. Hajafunua hata ukurasa. Akavuta kikombe cha chai ya maziwa, kimechuruzika mpaka kitako, akakitua juu yake. Halafu huku anatafuna andazi: "Kwani binti, ukunga nao una masta? Si ni kupokea mtoto tu?"

Kupokea mtoto TU. Na kikombe kiko pale pale juu.

Tasnifu yangu ni ya patografu. Asiyejua, ni ile chati ya mama mwenye uchungu: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu unakuja mara ngapi na kwa nguvu gani, mlango wa uzazi umefunguka sentimita ngapi kila baada ya saa nne. Ina mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, vimepishana saa nne. Chati ikivuka ule wa kwanza, mkunga aliye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji anaanza kutafuta gari la wagonjwa mapema, siyo kusubiri mfuko wa uzazi upasuke. Mistari hiyo haikutoka Ulaya. Philpott na Castle waliichora hapa hapa Afrika, mji unaoitwa Harare leo, wakachapisha 1972, kwa ajili ya wakunga wa vituo vya pembezoni kama hao wa kwangu. Shirika la Afya Duniani likaja kuipima Asia ya Kusini-Mashariki kwa akina mama zaidi ya 35,000, matokeo yakatoka 1994, uchungu wa kupitiliza ukaonekana umepungua. Sasa mtu mzima na shahada zake tatu ukutani ananiambia hapa hakuna cha kutafiti?

Swali langu ni moja: kwa nini chati nyingi zinajazwa mtoto akiwa ameshazaliwa? Kila aliyefanya kazi leba analijua hili, tunalinong'ona tu. Mimi nikaenda kukaa na wakunga wenyewe, wakanieleza. Dada mmoja yuko zamu ya usiku peke yake. Mama huyu anasukuma, yule anatapika, tochi ya simu ameibana kwapani. Mkono wenye glavu ya damu hauwezi kushika kalamu. Asubuhi ndiyo anakaa anajaza kwa kukumbuka. Akaniambia, "Wakija kukagua wanahesabu karatasi, hawahesabu mikono." Wakuu, mimi nilizima kinasa sauti nikatoka nje kwanza. Maneno hayo nimeyaweka juu kabisa, ukurasa wa kwanza wa sura. Na HAPO HAPO ndipo kikombe kilipotua. Duara la chai limeanzia kwenye "karatasi" likaenda kufungia kwenye "mikono". Wino umevimba, "hawahesabu" haisomeki tena.

Mwenye kikombe aseme basi. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionesha vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wa 2022 ukaonesha 104. Nani alikuwa leba saa tisa usiku muda wote huo? Walioshika vikombe?

Nimekinyanyua mwenyewe kile kikombe nikafuta kwa mtandio. Unajua kasemaje? "Acha tu, utaprinti nyingine."

Kijana wa Jamatini

Nipo pale nimekaa. Picha ya duara iko wapi? Bila picha uzi haujatimia.

Ngosha Asiyelala

Hilo duara lina sentimita ngapi? Kama limefika kumi mwambie asukume, sura ya tano itoke.

Mkunga wa Zamu

@Ngosha sicheki. Hiyo ni kauli ya mkunga aliyekesha, siyo karatasi ya kufungia vitumbua.

Bibi Beseni

Mwanangu pole sana. Mimi nimestaafu wodi ya wazazi Mpwapwa, huyo namjua tangu hana hata mvi. Alikuja kutufundisha takwimu kwenye semina, akawa anatuita "wale wa beseni". Nikamuuliza, mheshimiwa, wewe mama yako alipokelewa na mhasibu? Semina ilimshinda, chakula cha mchana alikula kwenye gari. Usilie mbele yake. Chapa nyingine, ya chai itunze.

Tulia Kwanza

Dada umepaniki. Chai tu hiyo. Ungekuwa mchumi angekuwekea supu.

Leba Namba Mbili

Mimi nakuunga mkono ila nichokoze kidogo. Patografu si imeshapitwa? Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2020 umeuondoa mstari wa tahadhari, na uchungu wenyewe unaanza kuchorwa kuanzia sentimita 5, siyo 4 tulizokaririshwa. Huenda mzee kaona umeleta habari za kale.

Mkunga wa Zamu

@Leba Namba Mbili ningefurahi MNO angeniuliza hilo! Lipo, ukurasa unaofuata, chini ya kikombe. Hiyo fomu mpya imeongeza mpaka sehemu ya kuandika kama mama ana mtu wa kuwa naye, kama amekunywa chochote, kama anatembea au amelala chali. Mambo mazuri yote hayo. Lakini mwandikaji ni yule yule, usiku yuko peke yake. Ndiyo hoja yangu yote, na mtu ameizima kwa kitako cha kikombe.

Ngosha Asiyelala

Kitako kilitangulia? Hapo upasuaji, dada, usibishane.

Bibi Beseni

Wewe Ngosha matako yakitangulia siyo lazima upasuaji, tumewazalisha wengi tu kwa utulivu. Kaa kimya wakunga wanaongea.

Mtafuta Saini

Mnalia chai, mwenzenu supavaiza wangu kateuliwa. Yuko Mtumba, Mji wa Serikali. Namfuata huko na faili, nafika getini mlinzi ananiuliza nina miadi na nani, nikimtaja jina ananipigia saluti MIMI. Nikiingia ndani katibu muhtasi anasema yuko kwenye kikao. Nadhani kikao hicho kilianza kabla sijapata udahili. Saini moja tu wakuu. Nakubali anisainie hata kwa kitako cha sufuria.

Tulia Kwanza

@Mtafuta Saini hiyo sasa ndiyo shida. Siyo chai.

Mama Ishirini na Nane

Shida siyo maprofesa, shida ni hawa wa steshenari. Juzi nimepeleka flashi nitolewe nakala za dodoso la unyonyeshaji. Nimerudi nyumbani nafungua, unyonyeshaji hakuna. Kuna virusi, na kuna sura ya pili ya mtu inahusu ubwiri kwenye zabibu. Nimeisoma yote kwa hasira. Ubwiri ni ugonjwa mbaya sana, sikujua.

Mkulima Msomi

Dada subiri. Ubwiri unga au ubwiri vinyoya?

Mama Ishirini na Nane

Zote mbili. Kuna picha ya majani yana unga mweupe, chini imeandikwa Hombolo.

Mkulima Msomi

HIYO NI YANGU!!! Wakuu hiyo sura nimeitafuta mpaka nimeumwa. Kompyuta iliibiwa, flashi ikapotea, supavaiza akasema nianze upya, na msimu wa mvua umekwisha, ubwiri naupata wapi sasa? Niende kuupuliza mwenyewe kwa mdomo? Njoo inboksi dada yangu, tafadhali, Mungu akubariki wewe na kizazi chako.

Kijana wa Jamatini

Uzi umekuwa mtamu. Naomba picha ya zabibu basi.

Mkunga wa Zamu

Jamani turudi kwenye kikombe. Mtu ametua chai juu ya maneno ya mkunga aliyekesha! Hakuna hata mmoja wenu wa kuniambia nipeleke wapi malalamiko?

Leba Namba Mbili

Kwa mratibu wa masomo ya uzamili, kwa maandishi, na uambatanishe hiyo karatasi yenye duara. Usipeleke nakala, peleka yenyewe.

Mtafuta Saini

Mratibu naye yuko Mtumba, nimemwona kwenye foleni ya getini.

Mkulima Msomi

@Mama Ishirini na Nane nimekuja inboksi hujibu. Niambie kitu kimoja tu: Jedwali la tatu lipo? La mashamba yaliyopigwa salfa na yasiyopigwa?

Mama Ishirini na Nane

Lipo. Ila limeingiliana na orodha ya michango ya harusi. Shamba la nne limeandikwa "Baba Mdogo, ahadi laki mbili, katoa elfu thelathini".

Bibi Beseni

Steshenari ipi hiyo? Maana na mimi nimepeleka fomu za kikoba, zimerudi na wosia wa mtu.

Mama Ishirini na Nane

Ile ya karibu na stendi ya zamani ya daladala, mlangoni kuna kijana anayekula miwa.

Mgeni wa Kondoa

Samahanini wakuu, mimi mgeni jukwaani. Hiyo orodha, Baba Mdogo anaitwa wa Kolo? Kama ndiye, ni harusi ya dada yangu. Mweka hazina alituapia kwamba laki mbili zilitolewa zote.

Ngosha Asiyelala

Weka orodha yote hapa.

Mgeni wa Kondoa

Naomba sana isiwekwe. Dada, njoo inboksi. Kikao cha kamati ni kesho saa kumi.

Mkulima Msomi

Kaka panga foleni. Mimi na zabibu zangu tumetangulia.