Niwaiteje watu hapa Nairobi bila kumvunjia mtu heshima?

BintiPongwe

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimehamia Nairobi kikazi, niko mapokezi kwenye kliniki moja ya meno huku Eastleigh. Kazi naipenda. Kinachonisumbua ni kuita watu.

Kwetu mambo haya yana utaratibu. Aliyenizidi umri namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, mazungumzo yanaanza. Hapa nikiamkia wazee, mmoja ataitika vizuri, mwingine atasema "mzuri sana", mwingine ataniangalia kana kwamba nimemzeesha. Vijana ninaofanya nao kazi wananiita "wewe!" bila jina. Kwetu "wewe" tupu ni ya mtu anayetafuta ugomvi.

Juzi kaja mama wa Kisomali na mtoto wa kiume wa miaka kama minne, analia kwa jino. Mama anambembeleza: "Hooyo, ha ooyin." Mwenzangu akaninong'oneza kwamba hooyo ni mama. Sasa mama anamwita mtoto wake wa kiume mama? Kadi nayo ikawa kazi. Kompyuta inadai jina la ukoo, na mgonjwa anatangazwa kwa hilo hilo. Mtoto, baba na mama kila mmoja ana jina lake la mwisho. Likitangazwa "Ali", nusu ya benchi inasimama.

Halafu kuna daktari wetu, Mjerumani. Tangu alipofika alituomba tumwite kwa jina lake la kwanza, bila "Daktari". Wiki iliyopita nilimwita hivyo mbele ya mzee mmoja mgonjwa. Mzee akaniambia taratibu, "Msichana, huyo ni daktari, si rika lako." Aliumia kweli, nilimwona usoni. Daktari kaniomba hivi, mzee anataka vile, na mimi ndiye niliyekaa katikati.

Naombeni mwongozo kwa anayejua. Mtu anakuja na maumivu, sipendi aondoke na jingine.

Mtoto_wa_Jogoo_Road

Karibu Nairobi dada. Hapa mwanaume ni "boss" ama "mkubwa", mwanamke ni "madam" ama "mamaa". Ukiwa Gikomba wewe ni "customer" hata kama hujanunua kitu. Mzee mwite "mzee". Kama ni Mkikuyu "guka" itamfurahisha, na mama wa umri huo ni "shosho". Hiyo "wewe" yetu isikuume, haina ubaya wowote.

Lakini chunga kitu kimoja: usimwite mwanamke "bibi" vile mnaita nyanya zenu huko Tanzania. Hapa bibi ni mke. Atakuuliza bibi ya nani.

Abti_Islii

Dada, huyo mama hakukosea. Sisi Wasomali jina la ujamaa linarudi kwa aliyeliita. Mama ananiita hooyo, nami namwita hooyo. Baba na mtoto wanaitana aabbe. Mjomba ni abti, na yeye akimwita mpwa wake anamwambia abti. Ukisikia mtu mzima anamwambia kijana "adeer", yaani ndugu wa baba, usidhani ndiye mdogo. Sikiliza sauti na uangalie nani anainamisha macho.

Kuhusu majina: hatuna jina la ukoo. Tuna jina la mtu, la baba yake, la babu yake. Chukua mtoto anayeitwa Hodan Yusuf Ali. Baba yake ni Yusuf Ali Warsame. Mama yake ni Amina Hassan Nur, na kuolewa hakumbadilishii jina. Ukimtangaza mtoto kwa "Ali", umemtangaza babu yake. Mwite Hodan, ama Hodan Yusuf.

MamaShiru

Hata sisi Wakikuyu tuna hiyo ya mtoto kuwa mama. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya babake. Kwa hivyo utasikia mwanaume mzima anamwambia mtoto ambaye hata hajaota meno, "maitu, kuja hapa". Anamaanisha. Huyo mtoto ni mamake amerudi nyumbani. Mume wangu akigombana na Shiru wetu, anapunguza sauti kwa sababu ya jina analobeba.

Mwalimu_wa_Wageni

BintiPongwe, swali lako nalichukulia kwa uzito kwa sababu ndilo linaloniweka kazini. Nafundisha wageni Kiswahili hapa Hurlingham: Wafaransa, Wajerumani, Wajapani, Wakorea, na Waafrika wenzetu kutoka kusini. Karibu kila mmoja, hata kabla hajajua kuhesabu hadi mia, ataniuliza heshima ya lugha hii imekaa wapi.

Anauliza kwa sababu kwao imekaa pengine. Mfaransa amelelewa kuchagua kati ya "tu" ya karibu na "vous" ya heshima, na vous hiyo ndiyo ya watu wengi pia. Akiiona "nyinyi" yetu anadhani amefika. Nilikuwa na mwanafunzi Mfaransa, mama mstaarabu sana. Alitoka darasani akamsalimu soja wa getini: "Nyinyi mnaendeleaje?" Soja akageuka kutazama nyuma, nani mwingine amesimama. Hapakuwa na mtu. Yule mama alimpa heshima yote aliyokuwa nayo, na haikumfikia.

Mmalawi anaumia kwa upande mwingine. Katika Kichewa "iwe" ni ya mtoto au mwenzako wa karibu, na mtu wa heshima huambiwa "inu". Akishuka Nairobi, kila mtu anamwambia "wewe", naye anasikia "iwe" mchana kutwa kutoka kwa watu wasio na neno naye hata kidogo. Mjapani ndiye anayekuelewa wewe wa Tanga haraka zaidi. Kijapani kina neno anata, na vitabu vya wanaoanza hulifasiri "wewe", lakini mkubwa wako humwambii hivyo. Unamtaja kwa jina na kuongeza -san, au kwa cheo chake. Na hiyo -san hakuna anayejipa mwenyewe. Mkorea naye atataka kujua umri wako mapema sana. Watu hapa huona ni udaku. Si udaku. Bila umri hajui kitenzi chake akimalizie vipi.

Sasa nitasema ninaloamini, na anayenipinga anipinge. Watu wanajichosha kutafuta neno la lugha hii linalolingana na la lugha ile. Mimi naangalia kitu kingine: kati ya hawa wawili, nani ana haki ya kupunguza umbali? Haki hiyo ina mwenyewe. Kwa Wajerumani kuna du ya karibu na Sie ya heshima, na anayealika watu kuingia kwenye du ni mkubwa kwa umri au kwa cheo. Mdogo hasubutu kuanza. Na sisi ni hivyo hivyo, tumekosa tu neno la kuonyesha. Mzee akikuambia "niite Kamau tu", umeruhusiwa. Ukianza wewe, umevunja adabu.

Wasweden wameiacha hesabu hiyo karibu yote, na tazameni aliyekumbukwa kwa hilo. Zamani Msweden alimkwepa mkubwa hata kumwambia "wewe", akamsema kana kwamba hayupo: "Je, daktari atakunywa kahawa?" (Nendeni ofisi yoyote hapa mjini, mtasikia "Madam anataka chai?" na madam amesimama pale pale.) Mwaka 1967 Bror Rexed, alipoanza kazi ya kuongoza idara ya serikali ya mambo ya tiba, aliwaambia wafanyakazi wote kwamba atawaita du ("wewe" ya Kiswidi) na wao wamwite du. Mabadiliko yalikuwa yameshaanza kabla yake, lakini historia imeyabandika jina lake. Alikuwa mkurugenzi. Angeanza tarishi, ingekuwa habari nyingine.

Walioanzia chini walilipa. Mimi ni mtoto wa Marafiki, yaani Waquaker, nimekulia karibu na Kaimosi, ambako misheni ya Quaker ilianzishwa mwaka 1902. Wazee wetu walitusimulia habari za Marafiki wa kwanza, Uingereza ya karne ya 17. Wakati ule "you" ilikuwa ya watu wengi na ya wakubwa, "thou" ya mtu mmoja na ya wadogo. Marafiki wakakataa. Tajiri, mwajiri, hakimu, wote wakaambiwa "thou", kwa imani kwamba mbele ya Mungu hakuna mkubwa. Walitukanwa, walipigwa, na waliokataa kuvua kofia mbele ya hakimu walifungwa. Nawaheshimu mno kwa hilo. Lakini Kiingereza kilienda njia nyingine: "thou" ilikufa, ikabaki "you". Wanafunzi wangu wengi huniambia Kiingereza hakina heshima ndani yake, kumbe kilichobaki ni lile neno la heshima, kila mtu analipata.

Turudi kwa daktari wako. Haki ni yake na ameitumia: amewaalika wenzake wa kazi. Ukimkatalia mkiwa wenyewe, unamrudishia mwaliko wake, na hilo kwao lina uzito. Lakini mwaliko ule haukumhusu yule mzee. Ujerumani kwenyewe mgonjwa mtu mzima na daktari wake husemezana kwa Sie. Mwambie hivyo, mwombe mbele ya wagonjwa mseme "Daktari" na jina lake. Ataelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu amekulia humo.

Na shikamoo yako usiiache. Asiyeipenda utamjua kwa jibu lake, huyo umwambie "habari ya asubuhi, mzee". Wapo wazee Nairobi hii ambao hawajaamkiwa hivyo na kijana miaka mingi. Nimewaona wakisimama wima.

Karani_Milimani

Hiyo ya mkubwa kuanza tuliiona hapa mahakamani. Mwaka 2011 Jaji Mkuu Willy Mutunga alitaka "My Lord" iachwe, jaji aitwe "Mheshimiwa". Mawakili wakongwe ilikuwa inawatoka tu, wanajisahihisha katikati ya sentensi. Wengine inawatoka mpaka leo, na sidhani ni ukaidi. Mtu aliyejifunza kusimama mbele ya jaji kwa maneno fulani, ukimwondolea maneno yale hajui aweke mikono wapi.

BintiPongwe

Asanteni sana nyote. Mwalimu, nimezungumza na daktari leo tulipofunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia yeye mwenyewe akiwa shule, alipofika madarasa ya juu walimu waliokuwa wakimwita du walianza kumwita Sie, na siku hiyo alirudi nyumbani akijiona mtu mzima. Amekubali "Daktari" mbele ya wagonjwa, na amesema atawaambia wengine yeye mwenyewe ili lisionekane limetoka kwangu.

MamaShiru, hilo la mumeo kupunguza sauti limenigusa. Kwetu pia mama humwita mwanawe "baba", ila sikuwahi kulifikiria namna hiyo.

Imebaki kadi. Meneja amekubali fomu ibadilishwe, ameniuliza niandike nini. Abti, nisaidie.

Abti_Islii

Ondoa "jina la ukoo". Andika jina lake, jina la baba, jina la babu. Mwenye jina la ukoo ataliandika hapo kwa babu, mtaelewana. Chini yake weka mstari wa "Tukuite nani?", na mgonjwa atangazwe kwa hilo. Kuna wazee hapa mtaani wanajulikana kwa jina la utani tangu ujana wao. Ukitangaza la kwenye kitambulisho hata mwenyewe anaweza asisimame.

Kwa mtoto, jina la mama liandikwe kamili peke yake, na namba yake ya simu kando, maana hakuna jina litakalomuunganisha na mwanawe kwenye kompyuta. Wahabeshi itawafaa hivyo hivyo, wao pia la pili ni la baba. Yule waziri mkuu wao, Abiy Ahmed, Ahmed ni babake, ndiyo maana kwao anaitwa Daktari Abiy.

Ukimaliza iweke hapa tuione kabla haijachapishwa.