Mahakama ilishasema binti wa miaka 15 haozeshwi, kwa nini bado tunajibiwa "sheria inaruhusu"???

Wakuu mnisamehe kwa urefu ila nina hasira.

Huku kwetu kuna binti kaozeshwa juzi, ana miaka 15, alimaliza la saba hakuchaguliwa kwenda sekondari akawa yupo tu nyumbani. Shangazi yake akaenda ofisi ya kijiji kuripoti, unajua alijibiwa nini? "Mama huyo siyo mwanafunzi, na baba yake karidhia, sasa unataka tumshike nani?" Daftari likafunguliwa, ikaandikwa "suala la kifamilia", likafungwa. Jumamosi yake watu wakala pilau.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba yule mtendaji wa kijiji aliyemjibu hivyo ana pa kushika. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kifungu cha 13 kinasema mvulana 18, msichana 15, na mahakama ikiombwa inaweza kuruhusu hata 14. Kifungu cha 17 kinasema binti wa chini ya 18 anahitaji ridhaa ya baba, baba akiwa hayupo ndo mama au mlezi. Yaani anayetoa ridhaa ndo huyo huyo anayepokea mahari!

Sasa wengi hamjui au mmesahau. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliipeleka hii ishu Mahakama Kuu na Julai 2016 akashinda, majaji wakasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba kwa kumbagua mtoto wa kike, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe iwe 18 kwa wote. Badala ya kurekebisha ikakata rufaa, mambo ya mila na dini yakaletwa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa hiyo rufaa. Hapo ndo mwisho, juu yake hakuna mahakama nyingine nchini. Tangu hapo wimbo ni ule ule, tunakusanya maoni ya wadau. Maoni ya nini wakati hukumu imeshatoka? Hukumu ya mahakama ya juu kabisa siyo pendekezo la semina jamani.

Na msome Katiba ibara ya 30(5). Mahakama ikiipa serikali muda wa kurekebisha, sheria ile inahesabika halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uishe, kinachotangulia ndo kinahesabiwa. Kwa hiyo kwa ninavyosoma mimi muda ulishaisha kitambo na vile vifungu vimekufa, ila nani kamwambia mtendaji wa kijiji? Nani kawaambia mashehe na wachungaji wanaofungisha? Mtendaji anajua kilichopo kwenye kitabu cha sheria tu.

Halafu angalia hizi sheria zinavyogongana. Sheria ya Mtoto 2009 inasema chini ya 18 ni mtoto. Sheria ya Elimu ilivyobadilishwa 2016, ukioa mwanafunzi miaka 30 jela, safi kabisa, lakini huyu aliyefeli la saba akavua sare ulinzi wake unaishia pale pale. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 130, kulala na binti wa chini ya 18 ni ubakaji hata kama alikubali, ISIPOKUWA ni mke wako na ana 15 kwenda juu. Mtu yule yule, mtoto yule yule, bila mahari anaenda jela miaka 30, akilipa mahari anapewa mkono wa pongezi.

Wabunge wanapitisha marekebisho ya sheria mbalimbali kila mwaka, vifungu viwili tu hivi vinawashinda nini?

Mawakili mliomo humu nisaidieni, siyo maneno ya kunituliza. Huyu shangazi hajakata tamaa, akienda ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi akaambiwa tena baba karidhia, ashike hukumu ipi mkononi na aiombe mahakama gani ibatilishe ndoa hii, na je anaweza kufungua yeye au mpaka binti mwenyewe? Binti bado hajapata mimba, muda upo ila siyo mwingi.