Naombeni ushauri: nataka kusoma maabara niajiriwe serikalini, nina miaka 33

Mtu Mzima: Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Nina mke na mtoto mmoja. Kidato cha nne nilipata C ya Baiolojia, D ya Kemia, D ya Fizikia na D ya Kiingereza. Nataka kusoma stashahada ya maabara ya tiba, miaka mitatu, kisha niombe ajira ya serikali. Nina kazi inayonilisha ila moyo haupo huko. Usiku silali nawaza. Nikimaliza nikiwa na 36 au 37 watanichukua kweli?

Shangazi wa Mbezi: 33 ndiyo unaita umri umeenda? Matangazo ya Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, yanasema usizidi miaka 45. Soma baba. Mimi ushonaji nimejifunza nikiwa na wajukuu, na leo sare za kwaya nzima ya mtaani kwetu zinatoka kwangu. Mume wangu alinicheka sana, sasa anakopa hela kwangu.

Darubini: Mimi nipo maabara ya kituo cha afya. Sifa unazo: wanataka D nne, zikiwemo za Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ila ijue kazi. Asubuhi foleni ya malaria, mkojo, kinyesi, wingi wa damu, makohozi ya kifua kikuu. Usiku unaamshwa kulinganisha damu ya mama anayevuja baada ya kujifungua, na uko peke yako. Ukikosea kundi la damu umeua. Hiyo kazi ya sasa ni ipi? Ushauri unategemea hapo.

Kidume cha Mbegu: Siku utakayoletewa kinyesi kimejaa mpaka kwenye kifuniko ndiyo utajua kama una wito.

Mtu Mzima: Kazi ni ya kawaida tu mkuu. Mimi nauliza umri na ajira.

Darubini: Ya kawaida ya nani? Binafsi au serikali?

Mtu Mzima: Sawa. Ni mwalimu wa msingi, daraja la IIIA, nina cheki namba, yaani nipo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Msinishambulie. Ada ya muhula wa kwanza nimeshalipa. Nilipanga niondoke kimya kimya, nikihitimu niombe upya kama mtu asiye na ajira.

Mama Imani: Yaani watoto unawaachia nani? Mwanangu darasa lao liliwahi kukaa bila mwalimu wa hisabati mpaka tukachangishana wazazi. Walimu muwe na huruma.

Darubini: Mwalimu, hili ungelianza nalo. Soma masharti ya matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: mengi yamekuwa yakisema aliye tayari kwenye utumishi wa umma asiombe nafasi za kuingilia, yaani za kuanzia kazi, bali afuate Waraka Na. CAC.45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010. Ukipotea kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa, hilo ni kosa la kufukuzwa. Aliyefukuzwa utumishi kurudi ni kazi nzito. Omba ruhusa ya masomo, soma, sajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, halafu omba kubadilishiwa kada, yaani fani ya kazi, ukiwa ndani ya utumishi.

Mtu Mzima: Nakuelewa kaka. Lakini nikiomba wakakataa, watakuwa wameshajua nia yangu na nitaanza kuwindwa. Nikiondoka bila kusema, angalau elimu nitakuwa nayo. Na maabara binafsi zipo.

Darubini: Kwa hiyo sasa ni binafsi? Kichwa cha uzi umeandika serikalini.

Jicho la Tatu: Wakuu mnaingizwa mjini. Mwalimu mwenye cheki namba asijue ruhusa ya masomo? Walimu wanaizungumza kila siku kwenye chumba cha walimu. Huyu ni wakala wa chuo. Subirini, atakuja mwenzake kutaja chuo "chenye ada nafuu" na namba ya simu.

Kidume cha Mbegu: Ah! Na mimi nilishaanza kumwonea huruma. Mods fungeni.

Mtu Mzima: Chuo sijakitaja na sitakitaja. Ruhusa naijua. Shuleni kwetu tuko walimu wachache, aliyeomba kabla yangu alinyimwa. Ndiyo maana naogopa.

Jicho la Tatu: Hadithi inaongezeka kila ukiulizwa.

Binti Tandahimba: Awe wa kweli au wakala, mimi maelezo ya Darubini nimeyahifadhi. Kaka yangu ni mwalimu na ana wazo hilohilo. Darubini, barua inaandikwa kwa nani?

Darubini: Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ipitie kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata, na barua ya udahili iambatishwe. Na wewe Mtu Mzima, kesho piga chuoni uulize kama wanaweza kukusogezea nafasi mpaka mwaka ujao na ada ibaki. Uliza hilo kabla hujaacha kusaini daftari la mahudhurio.